Usiku ule Anuarite hakuweza kula



Wapendwa vijana wenzangu, tarehe 1 Desemba inakaribia, na kwangu mimi hiyo ni siku kubwa. Ni kumbukumbu ya Mwenye heri Anuarite, bikira na mfiadini wa Kongo. Jina lake nililichagua siku ya Kipaimara, nikiwa kidato cha pili. Nakumbuka katekista alitupanga mstari, akawa anamuuliza kila mmoja kwa nini amechagua mtakatifu fulani. Zamu yangu ilipofika nikajibu haraka haraka kwamba nimemchagua Anuarite kwa sababu alikuwa dada jasiri asiyeogopa mtu. Katekista akatikisa kichwa, akaenda kwa mwingine.

Jibu langu lilikuwa na kosa, na kosa hilo nimetembea nalo miaka mingi. Nilidhani watakatifu walizaliwa na moyo wa chuma. Nilidhani nikibeba jina la mtu jasiri na mimi nitakuwa jasiri, kama mtu anavyovaa koti kubwa asubuhi ya baridi hapa Mbeya. Siku nilipojaribiwa kweli kweli, koti lile halikunisaidia kitu. Kisa changu nitakisimulia baadaye kidogo. Kwanza nataka umfahamu Anuarite kama alivyokuwa, maana ndiye aliyenifundisha.

Alizaliwa Wamba, kaskazini mashariki mwa Kongo, tarehe 29 Desemba 1939. Baba yake aliitwa Amisi na mama yake Isude. Kwao walizaliwa mabinti sita watupu, yeye akiwa wa nne. Baba alitaka sana mtoto wa kiume. Hakumpata, na hatimaye akamwacha mama, akaoa mwanamke mwingine. Kwa hiyo ukimwona Anuarite kwenye picha akiwa na shela lake jeupe, usifikiri alitoka katika nyumba isiyo na machozi. Wako wengi kati yetu tunaosoma hapa ambao tunaijua nyumba ya namna hiyo. Tunajua jinsi mtoto anavyojiuliza kimya kimya kama yeye ndiye sababu.

Hata jina lake lina kisa. Wazazi walimwita Nengapeta, jina ambalo kwa lugha ya kwao husemwa lina maana kwamba mali hudanganya. Anuarite lilikuwa jina la dada yake. Siku ya kuandikishwa shule majina yakachanganywa, na mdogo akabaki na jina la mkubwa maisha yake yote. Katika ubatizo aliitwa Alfonsina. Yaani binti huyu tunayemwomba leo kwa jina la Anuarite, jina lenyewe lilimfikia kwa makosa ya karatasi. Mungu hakuhitaji cheti kilichonyooka ili amjue.

Akiwa bado msichana mdogo alitamani utawa. Mama yake hakutaka, na sitamlaumu, maana mama aliyeachwa na mume anategemea mabinti zake. Basi siku moja lori lilikuja misioni kuwachukua wasichana waliokuwa wanakwenda kuanza malezi ya kitawa Bafwabaka. Anuarite akapanda humo humo bila kumuaga mtu. Mama alimtafuta siku kadhaa mpaka alipopata habari kwamba mwanawe yuko kwa masista. Baadaye aliridhia.

Shirika alilojiunga nalo linaitwa Jamaa Takatifu. Ndiyo, hilo ni jina lake rasmi, kwa Kiswahili chetu. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri zake za kwanza, akapewa jina la kitawa, Maria Klementina. Hakuwa na cheo. Alifundisha watoto shule ya msingi, alipika, alitunza sakristia, alifua, aliangalia wasichana wa bweni. Na kwa tabia hakuwa sanamu ya udongo. Alikuwa mwepesi wa kuumia moyo na mwepesi wa hofu. Wakati mwingine alikasirika pale alipoona jambo haliendi sawa, na alisema. Kisha ilimbidi aombe radhi kama sisi tunavyofanya.

Miaka michache baada ya nadhiri mama yake alibadili mawazo, akataka binti arudi nyumbani asaidie familia, maana hali ya fedha ilikuwa ngumu. Anuarite alimpenda mama yake, lakini alibaki. Nalitaja hili kwa sababu huwa tunakumbuka usiku mmoja tu wa maisha yake, tukasahau kwamba kabla ya usiku ule alikuwa amesema ndiyo kwa Mungu mara nyingi, katika mambo madogo yanayouma bila mtu kuona.

Sasa tuje kwenye mwaka 1964. Kongo ilikuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na tangu hapo haikupata utulivu. Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki ya nchi, na mwezi Agosti wakauchukua mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Wengi wao walikuwa vijana wa rika letu. Walipewa dawa na kuambiwa kwamba wakishika masharti yake risasi zitageuka maji. Kwa hiyo walikwenda vitani na bunduki, mikuki na imani katika dawa ile.

Upande wa pili nao ulikuwa na nguvu zake. Tarehe 24 Novemba ndege za Kimarekani ziliwashusha askari wa miamvuli wa Ubelgiji mjini Stanleyville ili kuwaokoa wageni waliokuwa mateka. Siku mbili baadaye walishuka pia Paulis, mji ambao sasa unaitwa Isiro. Waliwachukua wageni waliowapata, kisha wakaondoka. Waasi wakabaki na hasira, na wananchi wakabaki na waasi. Siku hiyo hiyo ya tarehe 26 Novemba aliuawa Askofu Joseph Wittebols wa jimbo la Wamba, askofu wa Anuarite mwenyewe.

Naomba usimame hapo kidogo uangalie. Kuna watu wana dawa, kuna watu wana ndege, na askofu ameshauawa. Katikati ya hayo yote kuna nyumba ya masista Bafwabaka ambayo haina ulinzi wowote. Ndege zilizokuja hazikuja kwa ajili yao.

Tarehe 29 Novemba lori la waasi likafika Bafwabaka. Masista na wasichana waliokuwa katika malezi, jumla yao 46, walipandishwa. Waliambiwa wanapelekwa Wamba kwa usalama wao. Lakini lori halikwenda Wamba, lilielekea Isiro. Anuarite aliingia utawani kwa kupanda lori kwa hiari yake, na safari hii alipandishwa lori kwa nguvu. Njiani walinyang'anywa misalaba na rozari zao. Yeye alibaki na kitu kimoja mfukoni, sanamu ndogo ya Bikira Maria.

Walifika Isiro tarehe 30 Novemba, wakapelekwa kwenye nyumba ya kiongozi mmoja wa waasi, Kanali Yuma Deo. Hapo kanali mwingine, aliyeitwa Ngalo, akamtaka Anuarite awe mke wake. Anuarite alikataa, na mama mkubwa wake akakataa kwa niaba yake. Wakamtenga na wenzake, wakamtishia kifo. Ngalo akamwomba mwenzake, Kanali Pierre Olombe, amsaidie kumpata binti huyo. Masista wengine wengi walipelekwa nyumba nyingine ya jirani iliyoitwa nyumba ya bluu.

Hapa ndipo mimi nilikuwa nimemwelewa vibaya, maana nilimwona kichwani mwangu kama mtu aliyesimama wima, macho makavu, akiwajibu wanajeshi bila kupepesa. Sivyo wanavyosimulia waliokuwepo. Jioni ile waliletewa chakula, wali na samaki wa makopo. Wenzake walikula kidogo. Anuarite hakuweza. Hofu ilikuwa imemkaba kiasi kwamba tonge halikupita. Alikuwa na wasiwasi ulioonekana na kila mtu. Aliwaonya wenzake wasiguse pombe waliyopewa, kwa sababu wako hatarini. Aliwaambia yuko tayari kufa kuliko kuvunja nadhiri yake. Na Olombe alipowaamuru masista waende kulala, yeye akaomba jambo moja. Aliomba mama mkubwa asiondoke, abaki naye.

Hebu fikiria. Shahidi wa Kanisa, mwenye umri wa miaka 24, anaomba asiachwe peke yake usiku. Hakujifanya anaweza.

Baadaye usiku Olombe alitaka kumchukua kwa gari, yeye pamoja na mwenzake Sista Yohana Mbatizaji Bokuma. Walikataa kuingia. Olombe alipokwenda kuchukua funguo za gari, walijaribu kukimbia. Wakakamatwa. Alianza kuwapiga wote wawili. Sista Bokuma alivunjwa mkono sehemu tatu, akazimia. Anuarite aliendelea kukataa huku akipigwa, na katikati ya mapigo alimwambia Olombe kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui analotenda. Maneno hayo yalimzidishia yule kanali ghadhabu. Akawaita askari wamchome kwa singe, kisha yeye mwenyewe akampiga risasi kifuani kwa bastola. Wakambeba mpaka nyumba ya bluu walipokuwa dada zake. Alikuwa bado anapumua kwa mbali. Alikata roho karibu saa saba usiku, tarehe 1 Desemba 1964.

Alizikwa katika kaburi la pamoja na watu wengine waliouawa. Baada ya miezi minane waliufukua mwili, na ile sanamu ndogo ya Mama Maria iliyokuwa mfukoni ikasaidia kumtambua. Akazikwa upya karibu na kanisa kuu la Isiro. Tarehe 15 Agosti 1985, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri mjini Kinshasa, Mkongo wa kwanza kupewa heshima hiyo. Na siku hiyo Papa, kwa jina la Kanisa zima, alimsamehe hadharani aliyemuua. Kile Anuarite alichokianza akiwa anapigwa, Kanisa lilikimalizia mbele ya umati.

Ndugu zangu, mtu ambaye hawezi kumeza tonge la wali kwa hofu, na saa chache baadaye anamsamehe anayempiga, amepata wapi nguvu hiyo? Kama ingekuwa yake, ingeonekana mapema mezani. Haikuwa yake. Alipewa saa ile ile aliyoihitaji, wala si kabla. Mtakatifu Paulo alililia mwiba wake mara tatu, akajibiwa kwamba neema inamtosha na kwamba uwezo wa Mungu hutimia mahali ambapo binadamu ameishiwa. Nilikuwa nimekariri somo hilo tangu mafundisho ya Kipaimara. Nililielewa mwaka juzi, nikiwa chumbani kwangu hapa Soweto.

Naishi Soweto, hapa Mbeya mjini, nimepanga chumba si mbali na soko. Nilipomaliza stashahada ya uhasibu nilikaa mwaka mzima bila kazi. Kisha nikapata kazi ya kuandika hesabu kwenye stoo ya mchele. Mshahara haukuwa mkubwa, lakini ulilipa kodi yangu na ada ya mdogo wangu wa kiume aliyekuwa kidato cha tatu. Mama yetu ni mgonjwa, baba alishatangulia mbele za haki. Kwa hiyo ile kazi haikuwa yangu peke yangu.

Bosi wangu alikuwa mtu wa makamo, mwenye heshima zake mtaani. Miezi miwili ya mwanzo alikuwa vizuri tu. Halafu zikaanza meseji za usiku. Mwanzoni utani, baadaye siyo utani. Mwisho akaniambia wazi kwamba kuna safari ya siku mbili kwenda kuangalia mpunga, kwamba tutakwenda wote, na kwamba nikiendelea kujifanya sielewi kuna wasichana wengi wenye vyeti kama vyangu wanaotafuta kazi.

Na mimi nilifanya nini? Nilikaa kimya miezi mitatu. Sikumwambia mama, nisije nikamwongezea presha. Sikumwambia paroko, niliona aibu. Sikuwaambia wenzangu wa kwaya, maana mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wadogo kuhusu usafi wa moyo, sasa nianzie wapi? Kila usiku nilijiambia kwamba mimi ni mtu mwenye msimamo, mimi ni Anuarite, hakuna wa kuniangusha. Nilisali, ndiyo, lakini nikisikiliza sala zangu za wakati ule, nilikuwa namtaarifu Mungu jinsi nilivyo imara. Sikuwa namwomba kitu.

Ikafika Jumatano moja ya mwezi wa saba. Wanaoijua Mbeya wanajua baridi ya mwezi huo. Mchana mdogo wangu alikuwa amepiga simu, amerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Usiku, kama saa tatu hivi, ikaingia meseji ya bosi. Safari ni kesho alfajiri, anataka jibu, ndiyo au hapana.

Wapendwa, sitawadanganya. Niliandika ndiyo. Neno fupi kabisa. Nilikuwa nimeliandika tayari, kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma, na kichwani nilikuwa nimeshapanga maungamo yangu ya Jumamosi. Ule msimamo wangu wa miezi mitatu ulikwisha pale, kama mshumaa. Nilijaribu kusali Salamu Maria, nikasahau katikati. Hata chai niliyokuwa nimejipikia ilinishinda kunywa.

Ni ile chai ndiyo iliyoniokoa. Niliiangalia imepoa, nikamkumbuka Anuarite na sahani yake ya wali. Nikajiuliza, hivi yeye aliposhindwa kula alifanya nini? Hakutoa hotuba kuhusu msimamo wake. Aliomba mtu abaki naye.

Nikafuta lile neno. Nikampigia mama mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Sikujua hata nianzeje. Nilimwamkia, shikamoo mama, halafu nikaanza kulia tu. Hakuniuliza maswali kwenye simu. Baada ya muda nikasikia hodi. Alikuwa amekuja kwa miguu usiku ule, amejifunga vitenge viwili kwa baridi, ameshika tochi. Nilimweleza kila kitu, hata lile neno nililoliandika. Nilitegemea anigombeze. Aliniambia kwa upole kwamba binti yake ningempigia siku ya kwanza, lakini hata leo sijachelewa. Tukasali rozari nzima. Mimi nilisinzia kwenye fumbo la tatu, yeye akamalizia. Alilala palepale kwangu.

Asubuhi tulikwenda naye stoo, nikakabidhi vitabu vya hesabu na funguo. Nusu mwezi niliyokuwa nadai sikulipwa mpaka leo.

Sasa usije ukafikiri mwisho wake ulikuwa mtamu mara moja. Nilikaa miezi mitano bila kazi ya maana. Niliuza maandazi asubuhi pale sokoni, na siku nyingine yalibaki. Mdogo wangu alikosa karibu nusu ya muhula, na hilo bado linaniuma. Kumtegemea Mungu hakukulipa ada ile wiki. Kilichobadilika ni kwamba nilikuwa nalala, na kwamba sikuwa peke yangu. Jumuiya walichanga kidogo kidogo, mmoja unga, mwingine mafuta, mpaka mdogo wangu akarudi shule. Leo nafanya kazi mahali pengine, mshahara ni mdogo kuliko ule, na simu yangu usiku iko kimya.

Kuna mambo ninayotaka uyachukue kutoka kwa Anuarite.

Hofu si dhambi, wala si dalili kwamba imani yako ni ya bandia. Alitetemeka na bado ni Mwenye heri. Kama wewe leo unaogopa, iwe ni kwa ajili ya kazi, mitihani, ugonjwa, au mtu anayekutisha, mwambie Mungu kwamba unaogopa. Hiyo tayari ni sala, na ni ya kweli kuliko zile zangu za majigambo.

Pili, kutegemea nguvu za Mungu hakumaanishi kukaa ukisubiri malaika. Anuarite alionya wenzake, alijaribu kukimbia, aliomba mama abaki. Mara nyingi nguvu ya Mungu inakuja imevaa kitenge, imeshika tochi, inabisha hodi. Lakini lazima umpigie. Kiburi changu kilikuwa kinaitwa msimamo, na ndicho kilichonifungia mlango miezi mitatu.

Na tatu, hili naliandika kwa uangalifu, kwa ajili ya dada au kaka anayesoma huku moyo unamuuma. Labda wewe ulilazimishwa. Labda hakukuwa na wa kumpigia, au ulipiga hakupokea. Tafadhali usimtumie Anuarite kujihukumu. Aliyelazimishwa hakutenda dhambi, dhambi ni ya aliyemlazimisha, na mbele ya Mungu hukupoteza kitu cha thamani yako. Sista Bokuma alizimia kwa kipigo na akaendelea kuishi, naye ni dada wa Anuarite vilevile. Zungumza na mtu unayemwamini, padre, sista, mama wa jumuiya, na ikibidi nenda dawati la jinsia pale polisi. Na kama ni wewe uliyetuma lile neno ambalo mimi nililifuta, kiti cha maungamo kipo, na Yesu hachoki. Mimi na wewe tulitofautiana kwa sekunde chache tu na kwa kikombe cha chai.

Tunapoingia Majilio, jaribu jambo moja dogo. Kabla ya tarehe 1 Desemba, chagua lile jambo ambalo umekuwa ukipambana nalo peke yako gizani, umwambie mtu mmoja. Mmoja tu. Halafu tusali hivi pamoja:

Ee Mungu Baba, wewe unajua mahali ambapo nguvu zangu zinaishia, hata kabla mimi sijafika hapo. Nitoe katika majivuno ya kujitosheleza. Unipe saa ile ninayohitaji kile ninachohitaji, na unipe unyenyekevu wa kuomba msaada. Uwabariki wote waliokuja kubisha hodi kwangu usiku. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mwenye heri Anuarite, uliyeogopa na hukuachwa, utuombee.